Miezi 6 si mapema kwa saa ya hadithi
Je, ni mapema mno kumpeleka mtoto wa miezi 6 kwenye saa ya hadithi, yaani kipindi cha kuwasomea watoto? Hapana, si mapema. Mtoto wa miezi 6 anafaidika na saa ya hadithi maktabani hata kama haelewi maneno. Tangu 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu wanapozaliwa, kwani lugha hujengeka kwa kusikia na kuitikiwa. Mimi huwasomea wadogo maktabani: wa umri huo huanza kwa kutafuna pembe ya kitabu cha kurasa ngumu, mara anakodolea macho picha ya uso. Hapo taja anachokiona, ngoja atoe kasauti kake, mjibu. Akilia, toka naye kidogo. Ila usimwache ukaondoka, vipindi hivi ni vya mtoto pamoja na mlezi wake.