Wakala yuko kijijini, ila mkopo unaamuliwa mjini

Swali lenu la wiki hii ni kama simu imemaliza tofauti ya mji na kijiji kwenye mambo ya fedha Afrika Mashariki. Mimi nasema bado sana.

Pesa ina mazoea yake ya kukaa. National Bank of India, ndiyo mama wa KCB ya leo, benki kubwa ya Kenya, ilifungua tawi Mombasa 1896, 1904 ikafungua Nairobi kufuata reli, na tangu hapo wakubwa wa fedha wamejazana Nairobi, Mombasa kabakiwa na meli zake. Soko la hisa wenzetu wa Kenya wanalo toka 1954, sisi Watanzania mnada wa kwanza wa hisa pale Dar ni 1998, maana mabenki tulishayataifisha 1967 yakawa NBC moja, benki ya serikali. Silaumu, naeleza tu ramani ilivyochorwa.

Haya, ikaja M-Pesa, Kenya 2007 kwetu 2008, na kweli leo bibi yangu anapokea hela bila kupanda gari, hilo sibishi. Lakini jamani ile hela ukishampa wakala inaenda wapi? Kwenye simu unabaki na namba tu, shilingi yenyewe imewekwa kwenye akaunti ya amana, yaani ya kutunzia hela za wateja, kwenye benki ya biashara, na benki hiyo inapenda kuikopesha serikali kupitia hatifungani, yaani hati za deni la serikali, au kampuni kubwa za mjini, sababu huko hakuna usumbufu. Mkulima wa mahindi yeye anapata kamkopo ka kwenye simu ka kurudisha ndani ya mwezi, wakati mahindi yanataka msimu mzima!! Akienda tawini anaulizwa dhamana, akitoa hati ya kimila ya shamba lake wanaipokea shingo upande. Ndo maana vijijini mtaji bado ni VICOBA na SACCOS, vikundi na vyama vya kuweka na kukopeshana wenyewe.

Na msiniambie benki zinaogopa mbali. CRDB, benki ya kwetu, wamefungua Lubumbashi huko Kongo 2023, Equity na KCB za Kenya nao wamenunua benki Kongo, kote huko barabara mbovu ila shaba ipo na malori yanakuja bandarini Dar. Kwa hiyo umbali sio tatizo, tatizo ni nani anaonekana ana biashara.

Mkipata nafasi ya kuwahoji watu wa benki kuu, acheni kuuliza akaunti ziko ngapi, waulizeni kila wilaya imeweka shilingi ngapi na imekopeshwa ngapi.