Michezo ya Kiingereza darasani: hesabu midomo, usihesabu vicheko

Mchezo wa kwanza niliowahi kuupeleka darasani ni ule wa kubahatisha neno herufi kwa herufi, huku mwalimu akichora mtu wa vijiti ubaoni kila wanapokosea. Darasa lililipuka kwa kelele hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nilitoka pale kichwa kimevimba. Jioni, nikiandaa kipindi cha kesho yake, nikajiuliza ni sentensi ngapi za Kiingereza zilizosemwa siku ile. Hakuna hata moja! Walitaja "A", wakataja "E", wakataja "S", basi. Tena waliocheza ni watano wa dawati la mbele. Waliobaki walikuwa mashabiki.

Tangu siku hiyo napima mchezo kwa swali moja: kwa dakika hii, midomo mingapi inasema Kiingereza? Piga hesabu mwenyewe. Kipindi cha dakika 40, wanafunzi 40. Ukimwinua mmoja baada ya mwingine, na wewe usiseme neno lolote, kila mtu ataambulia dakika moja. Na sisi walimu tunavyopenda kusikia sauti zetu, dakika hiyo hugeuka sekunde. Ukiwapanga wawili wawili, watu 20 wanasema kwa mpigo.

Ila kuwapanga wawili wawili na kuwaambia "haya, zungumzeni" ni kupoteza muda. Watazungumza, tena sana, kwa lugha yao na kuhusu mambo yao. Kinachomlazimisha mtu kufungua mdomo kwa Kiingereza ni pengo: mwenzangu anajua kitu nisichokijua, na sina njia ya kukipata isipokuwa kumuuliza. Kwa hiyo nachora picha mbili za chumba kimoja, A na B, na kuficha tofauti saba kati yake. Wanakaa wamepeana migongo, kila mmoja na picha yake, wazitafute kwa maneno tu. "Is there a cat under the table?" "No, it's on the chair." Ndani ya robo saa utasikia "under", "behind" na "next to" mara nyingi kuliko wiki nzima ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Usiogope kuchora. Paka wangu hufanana na mbuzi, na ubaya huo umenifaa, maana "Is it a cat or a goat?" ni swali zuri kabisa.

Mara ya kwanza zoezi hili lilinifia mikononi kwa sababu sikuwapa silaha. Siku hizi, kabla hawajageuziana migongo, naandika ubaoni maswali matatu ya mfano na tunayasema pamoja. Yanabaki pale hadi mwisho. Anayetaka kuchungulia achungulie ubao, siyo picha ya mwenzake.

Ningeambiwa nichague mchezo mmoja tu, ningechukua imla ya mbio. Unaandika aya fupi ya sentensi tano au sita, unaibandika ukutani. Katika kila jozi mmoja ni mkimbiaji, mwingine mwandishi. Mkimbiaji anakwenda ukutani, anasoma anachoweza kukibeba kichwani, anarudi kumwambia mwandishi, anakwenda tena. Katikati ya aya wanabadilishana kazi. Hapo wamesoma, wamekumbuka, wamesema, wamesikiliza na wameandika, bila mtu kugundua kwamba anasoma sarufi. Na lile swali ambalo tulilifundisha kwa kulikariri, "How do you spell it?", linatoka lenyewe kwa sababu mtu analihitaji.

Lakini weka sheria mapema. Mikoba yote chini ya madawati, la sivyo mtu ataanguka. Ni kutembea haraka, siyo kukimbia, licha ya jina lake. Mkimbiaji hashiki kalamu wala hapigi kelele akiwa ukutani. Na ushindi ni wa walioandika kwa usahihi, siyo wa waliomaliza kwanza. Sheria hii ya mwisho niliijua kwa machungu: kundi langu la kwanza kushinda lilileta karatasi ambayo hata wenyewe walishindwa kuisoma.

Matamshi nayo yana michezo yake. Mtu ambaye lugha yake ina irabu tano, kama sisi wa Kiswahili, "ship" na "sheep" humwingia sikioni kama neno moja. Nasema mojawapo, wao wanainua mkono mmoja kwa "ship", miwili kwa "sheep". Kisha nampisha mwanafunzi aseme yeye. Akitaka "ship" na darasa zima likainua mikono miwili, ameshajua tatizo lake bila mimi kumkosoa. Kwa wakati uliopita natumia kona tatu za chumba, maana "-ed" ina sauti tatu: kona ya "worked", kona ya "played" na kona ya "wanted". Nataja kitenzi, wanahamia kona wanayoiona sahihi, na kabla sijatoa jibu kila kona inajitetea.

Kwa wanaoanza kabisa, kipimo changu cha midomo nakiweka kando. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alianza miaka ya 1960 kueneza njia ya kufundisha lugha kwa amri na vitendo: mwalimu anasema "stand up", "touch the door", na mwanafunzi anatenda tu. Uzuri wake ni kwamba anayeanza anaruhusiwa kunyamaza huku akielewa. Baada ya wiki chache nawakabidhi wao amri. Nimeshaamrishwa kusimama kwa mguu mmoja nikitaja alfabeti kinyumenyume, na nikashindwa.

Kwa watu wazima, jaribu hadithi ya dakika nne, tatu, mbili. Mtu anamsimulia mwenzake jambo kwa dakika nne, anahamia kwa msikilizaji mwingine na kulisimulia lilelile kwa tatu, kisha kwa wa tatu kwa mbili. Mara ya kwanza ni "eee… eee" tupu. Mara ya mwisho maneno yameshapata njia. Ule wa kweli mbili na uongo mmoja, ambapo mtu anataja mambo matatu na wenzake wanatafuta lipi ni la uongo, pia ni mzuri, mradi kila msikilizaji aulize maswali matatu kabla ya kupiga kura. Bila maswali ni bahati nasibu. Nyimbo ninazitumia kwa uchache, kwani wengi huimba vizuri mno wasichokielewa.

Kuna mtindo mmoja nimeuacha kabisa: anayekosea anatoka. Anayetoka kwanza ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote, nasi tunamkalisha pembeni kuwatazama wanaojua. Na makosa siyakatizi mchezo ukiendelea. Nazunguka na kipande cha karatasi, nayanukuu, na dakika tano za mwisho nayaandika ubaoni bila jina la mtu, darasa liyasahihishe. Wenye makosa hujitambua, wakati mwingine wakacheka wenyewe.

Kelele? Zitakuwepo. Tumekubaliana kwamba nikiinua mkono, anayeuona anainua wake na kunyamaza, hadi chumba kizima kitulie. Mwalimu wa chumba cha pili bado huja kuchungulia. Siku hizi, kama kuna mwanafunzi aliyekosa jozi, namkabidhi mwalimu huyo picha B.