Mtafiti akibisha hodi: maswali yenu kuhusu utafiti wa afya

Baada ya makala ya mwezi uliopita kuhusu wataalamu na wananchi kubuni pamoja njia za kukinga magonjwa, nimepokea maswali mengi. Haya matano yanawakilisha mengine.

Watafiti walikuja kwetu na dodoso lililokwisha chapwa, wakatuita wadau. Tumeshirikishwa nini hapo? (Msomaji, Bagamoyo)

Hapo mmeulizwa tu. Kushirikishwa huanza mapema, swali lenyewe likiwa bado linaweza kubadilika, na mfano mzuri kuliko yote uko wilayani kwenu. Katika miaka ya 1990, watafiti wa malaria Bagamoyo walikaa na wanavijiji wakawasikiliza wanavyoziita homa zao. Ikaonekana kwamba kwa wengi "homa ya malaria" ilikuwa homa ya kawaida, unameza vidonge inapita. Degedege, ambalo kitaalamu mara nyingi ni dalili ya malaria kali kwa mtoto, lilikuwa habari nyingine kabisa: lilihusishwa na shetani anayekuja kwa umbo la ndege, na mbu hakutajwa. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wengi walianza kwa mganga wa jadi, na waliamini sindano itamuua.

Sasa fikiria mama wa mtoto huyo anaambiwa kwamba chandarua huzuia malaria. Kinachomkosesha usingizi ni degedege, na hilo hakuna aliyelitaja. Bila vikao vile, wataalamu wangeendelea kuhubiri kinga ya ugonjwa ambao watu hawakuuogopa. Ndiyo maana nasisitiza: degedege litajwe kwa jina lake, na mganga awemo kwenye mazungumzo, kwa sababu mtoto anapita kwake kwanza.

Kuna ushahidi kwamba ushirikiano wa namna hii unaokoa maisha, au ni maneno ya kuandikia maombi ya fedha? (Mwanafunzi wa afya ya jamii, Dodoma)

Upo. Nenda Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro. Mradi wa KINET ulianza kuuza huko vyandarua vyenye dawa mwaka 1997, kwa jina ambalo kila mtu alilielewa: Zuia Mbu. Waliovifikisha kwa watu walikuwa wenye maduka, viongozi wa vijiji na wahudumu wa afya. Kabla ya hapo, watoto wachanga waliolala kwenye chandarua chenye dawa hawakufika asilimia 10. Miaka mitatu baadaye walizidi asilimia 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Mwaka 2004 ukaja mpango wa taifa wa Hati Punguzo, wa kuwapa wajawazito hati ya kununua chandarua kwa bei nafuu, ambao wajawazito wengi wa wakati ule wanaukumbuka kutoka kliniki.

Kinachomkinga mtoto ni chandarua na dawa yake, hilo nakubali. Lakini chandarua kilichobaki dukani hakimkingi mtu.

Nami nimewahi kuwa mhojaji katika bonde la Kilombero, msimu wa mpunga. Nikamuuliza bibi mmoja swali kama lilivyoandikwa: nyumba hii ina vyandarua vingapi? Akaniambia viwili, akanionyesha kimoja kimekunjwa vizuri, kimechomekwa juu ya boriti. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hivi ni vya nyumbani. Mwezi huu wote sisi tunalala dunguni, tunafukuza ndege. Mbona huniulizi kuhusu dungu?" Dodoso langu halikuwa na nafasi ya dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga shambani. Nilijaza "2" nikaenda nyumba ya pili, na jibu lile linanisumbua hadi leo, kwa sababu kwenye takwimu kaya ile ilionekana imekingwa.

Wanataka kumtoa mwanangu damu. Naogopa kuuliza inakwenda wapi, wataniona mjinga. (Mama, Tanga)

Uliza, dada yangu. Muulize mpaka aliyekuja achoke. Fomu ya ridhaa ipo kwa ajili hiyo: inapaswa kueleza kwa Kiswahili damu itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, na kuna hatari gani. Usiposoma vizuri, omba usomewe mbele ya mtu unayemwamini. Una haki ya kukataa, na hata ukishakubali una haki ya kujitoa siku yoyote bila mtoto kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Omba pia kuona kibali cha maadili. Kwa tafiti za afya Tanzania Bara kibali cha taifa hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hofu ya mumiani, wanaodhaniwa kunyonya watu damu, ni ya zamani kwetu Pwani, na mtafiti anayeicheka hajajiandaa kwa kazi yake.

Kudai posho ya kikao ni tamaa? (Mwenyekiti wa kitongoji)

Hapana. Mtu akiacha jembe siku nzima, nauli na chakula ni haki yake. Kiasi kisiwe kikubwa hata mtu akashindwa kukataa, basi.

Walikuja, wakapima, wakaondoka. Miaka imepita hatujaambiwa kitu. (Msomaji, Korogwe)

Barua yako imeniuma, kwa sababu watu wa Korogwe na Bagamoyo wametoa mengi. Watoto wa huko walikuwa miongoni mwa zaidi ya 15,000, katika nchi 7 za Afrika, walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009 hadi 2014. Mwaka 2019 chanjo ilianza kutolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wanaoishi kwenye maeneo yenye maambukizi ya malaria ya wastani hadi makubwa. Kila mama aliyembeba mwanawe kwenda kuchomwa sindano ile alistahili kuambiwa hayo ana kwa ana, na mtu aliyerudi kijijini kwa kazi hiyo tu.

Kwa utafiti wenu, andikeni barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji kwenda kwa mtafiti mkuu, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Tajeni mwaka na jina la mradi. Lipo kwenye nakala ya fomu ya ridhaa mliyoachiwa. Ombeni mrejesho kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, na nafasi ya kuuliza maswali. Wakiwajibu, niandikieni tena.