Sarafu ya Marathon

SWALI: Shikamoo mhariri. Mchuuzi kamwonyesha mjomba sarafu ya fedha yenye askari wa Kigiriki, imeandikwa Marathon, 490 kabla ya Kristo. Eti ni ya vita vyenyewe vya Marathon, vya Wagiriki na Waajemi. Anataka ng'ombe wawili. Tuwatoe? – Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba. Ng'ombe wabaki zizini! Mgiriki wa siku zile angejuaje kuwa Kristo atazaliwa? Hiyo ni ya kumbukumbu, imepigwa juzijuzi tu. Sonara aipime kama ni fedha halisi: wakia moja ya fedha ni gramu 31.1. Sumaku isipoinasa msishangilie, shaba nayo hainaswi. Mimi ningeisaka ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, waliyoipiga Wajerumani hapohapo Tabora mwaka 1916.