"Mtazishika" au "zishikeni"? Yohana 14:15 na moyo mkamilifu

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Nina duka la nafaka. Kabla sijaokoka nilitumia jiwe la kilo lililochokonolewa risasi chini, na faida niliiona. Sasa nimeacha, napima kwa haki, lakini kila nikimpimia mteja maharage bado nahesabu moyoni ninachokosa. Biblia yangu kwenye Yohana 14:15 inasema, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu." Mwenzangu wa kwaya anasoma ya Kiingereza, ananiambia pale ni amri: zishikeni! Ipi ni sahihi? Na mimi ninayetii huku roho inauma, nampenda Mungu kweli?

JIBU: Amina, dada. Mwenzako hakukosea kusoma. Biblia ya King James ya 1611 imeandika hivyo hasa, kwa sababu nakala nyingi za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, ikiwemo Codex Alexandrinus ya karne ya tano, zina neno tērēsate, "zishikeni". Codex Vaticanus, ya karne ya nne, ina tērēsete, "mtazishika". Tofauti ni herufi moja tu. Na kuna umbo la tatu, tērēsēte, linaloonekana katika Codex Sinaiticus, ambalo kimatamshi lilikuja kukaribiana mno na hilo la pili. Mwandishi anayenakili akisomewa kwa sauti hapo anateleza kirahisi.

Mimi nasimama na Biblia yako ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952. Sababu yangu kubwa haimo katika umri wa nakala. Shuka mistari minane tu, hadi 14:23: "Mtu akinipenda, atalishika neno langu." Pale kitenzi ni tērēsei, umbo la wakati ujao, na hakiwezi kusomwa kama amri. Yesu anarudia wazo lilelile. Tena 14:16 inaendelea papo hapo na wakati ujao mwingine: atamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi. Kwa hiyo 14:15 ni mlango wa ahadi. Amri zenyewe hazijafutwa, zinabaki amri. Ila sentensi hii inaeleza upendo huzaa nini.

Hapa Kiswahili kimetusaidia kuliko lugha nyingi. Lile -ki- la "mkinipenda" halina mtego wa "kama kweli mnanipenda, hebu tuone". Mvua ikinyesha, majani huota. Ndivyo linavyosikika, na Kigiriki chake hakipingani na usikivu huo: kitenzi cha kupenda kimewekwa katika hali ya kuendelea.

Neno "kushika" nalo litazame vizuri. Kigiriki ni tēreō, kulinda kitu kisipotee. Yohana alikwisha kulitumia Kana, pale mkuu wa meza anapomwambia bwana arusi kwamba ameiweka divai njema mpaka sasa. Luka analitumia kwa Petro aliyelindwa gerezani, Matendo 12:5. Basi anayezishika amri ni mtu aliyeweka kitu cha thamani mahali salama, zaidi ya mtu anayeweka alama ya vema kwenye orodha.

Sasa lile linalokuuma. Watu wengi wanadhani moyo wote maana yake ni moyo usio na kinyongo hata kidogo. Fungua 2 Mambo ya Nyakati 25. Mfalme Amazia wa Yuda alifanya yaliyo mema machoni pa Bwana, lakini si kwa moyo mkamilifu. Kabla ya vita na Edomu alikuwa amekodi askari 100,000 wa Israeli kwa talanta 100 za fedha. Mtu wa Mungu akamwambia awarudishe. Amazia akauliza swali ambalo wewe unalijua kabisa: na zile talanta mia nilizokwisha kulipa? Mtu wa Mungu hakumkemea. Alimjibu tu kwamba Bwana aweza kumpa zaidi ya hizo. Amazia akawarudisha.

Ukiniuliza mimi, pale hakuanguka. Kuhesabu hasara si uasi. Alianguka aliporudi na ushindi, akabeba miungu ya Seiri, akaisimamisha kwake akaisujudia. Na nabii alipokuja kumwonya, akamwamuru anyamaze. Tunasema mtoto fulani "hasikii" tukimaanisha hatii, na Kiebrania ni hivyohivyo: shama ni kusikia, na ndilo neno linalobeba kutii. Amazia wa talanta mia alikuwa bado anasikia. Amazia wa miungu ya Seiri hasikii tena.

Hilo neno "mkamilifu" ni shalem: kitu kizima, kisichopungua. Na utacheka, maana ndilo neno lililotumika kwa jiwe la mizani katika Kumbukumbu la Torati 25:15. Jiwe lako la zamani lilikuwa na uzito wote kwa macho, chini lina tundu. Moyo usio shalem uko hivyo: kwa nje kilo, ndani kuna nafasi ya bwana mwingine. Moyo unaolalamika lakini mzigo wote umo ni habari nyingine. Mmoja wa wale wana wawili katika Mathayo 21 alimjibu baba yake "Sitaki" waziwazi, halafu akajuta, akaenda shambani. Yesu akawauliza wasikilizaji ni yupi aliyefanya apendayo babaye, nao wakamtaja huyohuyo.

Kuhusu uchungu wa faida, usiulazimishe uishe kwa wiki moja. Yohana anaandika kwamba amri za Mungu si nzito, na ninaamini hivyo, ingawa mkono uliozoea kupunja huchukua muda kuuamini wepesi huo. Mwambie Mungu hesabu yako kama ilivyo, kama Amazia alivyoisema.

Jambo moja sikuliona katika barua yako. Aya ya 13 ya sura hiyohiyo ya Kumbukumbu haizungumzii kupima. Inakataza hata kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo. Umesema umeacha kulitumia lile jiwe. Hukusema liko wapi.