Kinanda kinachowahi ngoma

SWALI: Katika "Blue Monday", wimbo wa bendi ya Kiingereza New Order (1983), melodia ya kinanda inaingia kama imepishana na ngoma. Ni makusudi? Nitaipataje hali hiyo kwenye kompyuta?

JIBU: Ni kosa lililoachwa libaki, na ndilo utamu wenyewe. Gillian Gilbert, mpiga kinanda wa bendi hiyo, aliiingiza melodia kwenye sikwensa (kifaa kinachopiga chenyewe noti ulizokiwekea) kwa mkono, noti baada ya noti, akifuata karatasi ndefu aliyoiandika. Noti moja ikarukwa. Sikwensa haijui kusubiri: zote zilizofuata zikawahi, huku mashine ya ngoma, Oberheim DMX, ikishikilia mapigo yake.

Weka kasi ya mapigo 130 kwa dakika, gawa kila pigo katika hatua nne, kisha ondoa hatua moja ya melodia kabisa. Ukiinyamazisha tu, nafasi yake inabaki na hakuna kinachosogea. Melodia itawahi kwa takriban sekunde 0.115. Besi na ngoma usiziguse, na uzime urekebishaji wa mapigo (quantize), unaovuta noti zikae sawa na mapigo.

Santuri hiyo ya inchi 12, yenye zaidi ya dakika 7 na jalada lililobuniwa na Peter Saville na kukatwa mfano wa diski ya flopi ya kompyuta, ndiyo iliyouzwa kuliko zote za aina yake Uingereza.