Karatasi mbili za kinyama kimoja

SWALI: Bi Muuguzi, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho, Newala. Kaka yangu ana miaka 57. Msimu uliopita alianza kuanguka kifafa, watu wakasema mapepo, tukazunguka kwa waganga wiki tatu. Mwisho kipimo kikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, akapasuliwa Dar es Salaam. Karatasi ya kwanza ya maabara, alivyotutafsiria mpwa wetu, ilisema glioma daraja la II. Wiki tano baadaye ikaja nyingine: glioblastoma, IDH haijabadilika, kromosomu ya 7 imezidi na ya 10 imepotea, daraja la 4. Je, ugonjwa umeruka madaraja mawili ndani ya wiki tano? Au kinyama chake, kile kipande kilichokatwa kupimwa, kimechanganywa na cha mtu mwingine? Na hiyo hatua ya 4 ndiyo kusema umeshaenea mwilini?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana nyumbani.

Nianze na hofu ya kuchanganywa, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Chukua karatasi zote mbili, tazama namba ya sampuli pale juu. Kama ni ileile, kinyama ni kilekile. Kama inatofautiana, rudini maabara mkaulize, wala msione haya. Kinyama huhifadhiwa ndani ya kipande cha nta, kwa hiyo kinaweza kupimwa tena.

Sasa madaraja. Wewe unajua pale ghalani: gunia linaweza kupendeza kwa macho, lakini mpimaji anachota korosho kadhaa, anazikata, anatazama kiini. Karatasi yako ya kwanza ni ya macho. Mtaalamu aliweka kinyama chini ya hadubini, akaona seli zimetulia, hazigawanyiki kwa fujo, hakuna sehemu iliyooza, akaandika II. Ya pili ni ya kiini: wamesoma jeni. Uvimbe haukuruka popote. Siku anapasuliwa ulikuwa hivyohivyo.

Glioma ni jina la ukoo. Ni vimbe zinazofanana na seli za glia, zile zinazolisha na kuegemeza neva. Zamani ziligawanywa kwa sura tu: zenye umbo la nyota zikaitwa astrositoma, na zenye seli kama yai la kukaanga, kiini katikati na weupe pembeni, zikaitwa oligodendroglioma. Tatizo, wataalamu wawili waliweza kutazama kioo kimoja wakatoa majina mawili. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliingiza jeni kwenye majina yenyewe, na mwaka 2021 likakaza zaidi. Hapo ndipo namba za Kirumi zilipoachwa pia, ndiyo maana karatasi yako moja ina II na nyingine ina 4.

Kwa mtu mzima swali la kwanza siku hizi ni jeni ya IDH. Ikiwa imebadilika, uvimbe kwa kawaida hukua polepole zaidi. Halafu wanatazama kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, mkono mfupi wa ya 1 na mkono mrefu wa ya 19: vyote viwili vikikosekana ni oligodendroglioma, daraja la 2 au 3, visipokosekana pamoja ni astrositoma, la 2 hadi la 4. IDH isipobadilika kwa mtu wa umri wa kaka yako, na ikaonekana hiyo 7 iliyozidi na 10 iliyopotea, jina ni glioblastoma na daraja ni la 4, hata kama seli zinaonekana pole. Sheria hii ilitokana na wagonjwa wenyewe: waliokuwa na alama hizo, ugonjwa wao ulikwenda kama glioblastoma, sura ya seli isiwafae kitu.

Daraja si hatua. Hili hata mimi liliwahi kuniponza. Nikiwa muuguzi kijana nilimwambia baba mmoja mwanawe yuko "hatua ya pili", akaondoka akijua saratani imefika kwenye tezi. Hatua hupima saratani imeenea wapi, kama ya titi. Glioma ni nadra kutoka nje ya ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo haipewi hatua. La 4 linasema ukali wake, na sitakuficha, ni mkali.

Hivyo msingoje karatasi ya tatu. Ulizeni tarehe ya kuanza mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na dawa ya saratani iitwayo temozolomaidi. Ulizeni pia kama kinyama kimepimwa jeni iitwayo MGMT, maana majibu yake husaidia kukisia dawa hiyo itamfaa kiasi gani. Dawa za kifafa asikatishe hata siku moja, na kwenye basi la kwenda Dar azibebe kwenye mkoba wa mkononi, zisikae kwenye buti.